Mume anataka Boerboel, mimi nataka Kangal, tushaurini kabla hatujatoa hela

Dokta habari za kazi, na wasomaji wengine poleni na majukumu. Najua wengine mtaona ishu yangu ya kishua kidogo, mbwa wa mamilioni wakati watu wanatafuta ada, ila humu ndani imefika mahali hatuelewani na baba watoto, naombeni ushauri wa kweli, matusi wekeni pembeni.

Tunaishi nje ya Kisesa, unaacha lami ya kwenda Magu unaingia ndani huko kwenye mawe. Tuna mbuzi arobaini na kitu, kuku, ng'ombe wachache wa maziwa, uzio ni minyaa, upande mmoja tu ndo tumepiga seng'enge. Shida ni fisi na wezi. Fisi wanashinda kwenye yale mawe usiku wanashuka, na mbwa wetu wa kienyeji wanabweka vizuri tu ila wakishabweka wanakimbilia mlangoni, mmoja aliyejifanya jasiri aliliwa. Wezi ndo balaa zaidi, wanakuja na pikipiki wanafunga mbuzi midomo wanaondoka nao, asubuhi ni supu mjini. Sasa baba watoto ni mtu wa dagaa, yuko kisiwani Goziba, anarudi wakati wa mbalamwezi maana mwezi ukiwaka dagaa hawavuliki kwa taa. Kwa hiyo giza lote yeye yuko ziwani, na hilo giza ndo wezi nao wanalipenda, nyumbani niko mimi, watoto watatu na mama mkwe.

Yeye anataka Boerboel, yule wa Afrika Kusini mwenye kichwa kama ndoo, alimwona kwa tajiri mmoja anayemuuzia dagaa Nairobi akachanganyikiwa. Na simkatalii, ni mbwa aliyetengenezwa na wakulima wa huko kwa kulinda boma na familia, manyoya mafupi, dume anapita kilo 70 kirahisi, mwizi akimwona tu anatafuta nyumba nyingine. Ila kila ninachosoma kinasema huyo anataka mwenyewe anayeeleweka, afundishwe tangu mdogo, azoeshwe watu, na sio wa kufungiwa mnyororo mchana kutwa. Sasa mwenyewe atakuwa nani wakati aliyemtaka yuko Goziba? Ni mimi. Mimi nina kilo 58 dokta.

Mimi nataka Kangal wa Uturuki, kwao ni mkoa wa Sivas, baridi yao ina theluji na kiangazi ni joto, kwa hiyo habari ya kwamba atakufa na joto la Mwanza sijaielewa vizuri, wakati Namibia, ambako kuna joto kuliko huku, mradi wa kuhifadhi duma umekuwa ukiwapa wafugaji hao Kangal na ndugu zao Anatolian tangu 1994, ili mbuzi wasiliwe na mfugaji asiwe na sababu ya kumpiga duma risasi. Hata hapa kwetu jirani na Ruaha walijaribiwa kwa wafugaji wa Kibarabaig. Kilichonivutia ni kazi yenyewe, anawekwa na mbuzi akiwa mdogo wa kama wiki nane, analala nao, anakua anajua hao ndo ndugu zake, adui akija hamfukuzi mpaka porini, anasimama katikati yake na mbuzi anabweka, ikishindikana ndo anapigana. (Na zile habari za taya za nani zina nguvu zaidi tuziache jamani, sijui nani aliingiza mkono akapima.)

Kuna la mama mkwe pia. Ni mtu wa swala tano, mate ya mbwa kwake ni najisi, ikimgusa nguo ni kuosha upya. Shehe wake alimwambia mbwa wa kulinda mifugo na shamba dini imemruhusu, ila akae huko huko. Kangal atakaa zizini, sawa. Boerboel anapenda kuwa karibu na watu wake, atalala barazani, na barazani ndo mama anatandika mkeka wake. Baba watoto anasema mama atazoea. Hatazoea, namjua.

Ila Kangal naye ana yake na siwezi kujificha. Ni mzururaji, anajipimia eneo lake mwenyewe, na minyaa kwake sio ukuta, atapita. Njia ya wanafunzi inakatiza nyuma ya zizi letu, bodaboda nao humo humo. Halafu anabweka usiku kucha, majirani watanisema. Shemeji alivyosikia akatuletea kwamba Denmark tangu 2010 wamepiga marufuku aina zote mbili, Boerboel na Kangal, akacheka akasema nyie mnagombania bomu lipi liingie ndani.

Bei sasa. Boerboel wa Nairobi ni kama milioni mbili na nusu mpaka afike, Kangal wote niliowaulizia wako nje ya nchi, kuna kibali cha kuingiza mnyama, chanjo ya kichaa na cheti cha afya, na muuzaji mmoja nilipomwomba picha za wazazi wa mtoto na eksirei ya nyonga (kuona kama hawana ugonjwa wa nyonga) akanibloku.

Maswali yangu dokta. Je, mbwa mmoja anaweza kulinda mbuzi na sisi pia, au nadanganyika? Mapanki (mabaki ya sangara wakishatolewa minofu) na dagaa ndo chakula rahisi huku kwetu, ila nimesoma watoto wa mbwa wakubwa wakipewa kalsiamu nyingi mifupa inaharibika wakikua, na mapanki ni mifupa mitupu, sasa nimlishe nini mwaka wa kwanza? Kupe nao, hawa wageni wanahimili au nitazika mbwa wa milioni mbili? Na kama hela ingekuwa yako, ungeanza na seng'enge pande zote ndo mbwa baadaye?

Kama kuna anayefuga mmoja wapo Kanda ya Ziwa, sio Arusha sio Dar, aniambie kwa mwezi inaondoka shilingi ngapi. Mwenzangu anarudi mbalamwezi hii na hela ya Boerboel anasema anayo tayari.

Mama watatu, Kisesa