Madaraja ya Tanga yakaguliwe chini, si juu tu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie madaraja ya barabara za mkoa wetu wa Tanga. Kila masika inapokata barabara, lawama ya kwanza huangukia umri: daraja lile ni la enzi ya mkoloni, limechoka. Umri una uzito wake, sikatai. Lakini kinachoangusha madaraja mengi ni maji yanayochimba chini ya nguzo, na huko chini ndiko misafara ya ukaguzi inayosimama juu ya barabara isikofika.

Umri hasa unatuambia daraja lilichorwa kubeba nini. Daraja la zamani la Wami, kwenye barabara ya Chalinze–Segera, lilijengwa mwaka 1959 na lilikuwa na njia moja, magari yakisubiriana kila upande. Leo sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu gari na mzigo wake tani 56, na ekseli moja yenye matairi manne tani 10. Pale Wami tumepata daraja jipya, lakini katika barabara za ndani yapo ya rika lile yanayobeba malori ya mbao, mkonge na kokoto. Kwenye daraja la chuma, mzigo ukizidi kwa asilimia 10, uchovu unaobaki kwenye maungio huongezeka kwa kama asilimia 33. Kwa hiyo anayekwepa mizani kwa kupita njia za vumbi usiku anakula maisha ya daraja ambalo halikujengwa kwa ajili yake.

Nirudi kwenye maji. Zigi au Luengera ikishuka kwa kishindo kutoka Usambara, maji yanayogonga nguzo hujipinda kwenda chini, yakazunguka kitako chake na kuchota mchanga. Shimo linaweza kufika kina cha mara mbili ya upana wa nguzo. Nguzo ya mita 1 ikachimbiwa mita 2. Magogo na migomba ikinasa hapo, nguzo inakuwa pana kuliko ilivyojengwa na shimo linakua nayo. Ubaya wake ni kwamba mafuriko yakipungua, shimo hufukiwa na tope na mchanga mpya. Mkaguzi akija mwezi Juni anakuta sakafu ya mto imelala vizuri, anaandika "salama", anaondoka. Msingi umeegemea uji.

Kuligundua hakuhitaji mitambo ya bei mbaya. Chukua nondo ya milimita 16 iliyochongwa ncha, ichomeke kwenye sakafu ya mto kuzunguka nguzo, hasa upande maji yanakotoka. Mchanga wa kujazia huipokea kwa mikono tu. Sakafu ya asili hukataa. Kisha, ukiwa juu ya daraja, teremsha kamba yenye timazi (kizito cha fundi) kila baada ya mita 1 toka ukingo hadi ukingo, andika vipimo, uvilinganishe na vya mwaka uliopita. Mchoro mmoja wa vipimo hivyo peke yake hausemi kitu. Ukiwa na ya miaka mitatu, utaona mto unakoelekea. Na wanaochimba mchanga chini ya daraja, upande maji yanakoelekea, wajue kuwa shimo lao halitulii mahali pake: mto hulisogeza juu, upande maji yanakotoka, kuelekea kwenye nguzo.

Upande wa pwani tuna adui mwingine, chumvi. Hupenya kwenye zege hadi kwenye nondo, nondo ikashika kutu, na kutu huvimba mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa, ndiyo maana zege hupasuka kwa mstari unaofuata nondo. Mahali pa upepo wa bahari zege linalofunika nondo lisipungue milimita 50. Gonga kwa nyundo: zege zima hulia mlio mkavu, lililoachana na nondo hulia kama debe tupu. Hapo ndipo linafanyika kosa ninaloliona baya kuliko yote, kupaka plasta juu ya ufa na rangi juu ya plasta. Kazi halali ni kubomoa zege bovu mpaka kidole kipite nyuma ya nondo, kusugua chuma hadi king'ae, kuongeza nondo pale iliyopo ilipolika, ndipo ujaze upya.

Vitundu vya kutolea maji juu ya daraja navyo vinadharauliwa mno. Januari 28, 2022, daraja la Fern Hollow mjini Pittsburgh, Marekani, lilianguka likiwa na basi juu yake. Kwa rehema za Mungu hakufa mtu. Mifereji ilikuwa imeziba, maji na taka zikakaa kwenye miguu ya chuma hadi kutu ikaila. Ukaguzi ulifanyika mwaka baada ya mwaka na mapendekezo ya kusafisha na kukarabati yakaandikwa. Hayakutekelezwa.

Wamarekani wana jambo moja ambalo tunaweza kulichukua. Baada ya daraja la Silver kuanguka Desemba 15, 1967 na kuua watu 46, kwa sababu ya ufa wa milimita 2.5 kwenye kiungo kimoja cha chuma, waliweka utaratibu wa kitaifa wa kukagua madaraja, kwa kawaida kila miezi 24, na kuyapa alama kuanzia 0 hadi 9. Alama 4 kushuka chini ni hali mbaya. Alama hizo ziko wazi kwa yeyote anayetaka kuzisoma.

Naomba TANROADS kwa barabara kuu na za mkoa, na TARURA kwa za wilaya, watoe ukurasa mmoja kwa kila daraja: namba yake, mwaka lilipojengwa, uzito linaoruhusiwa, tarehe ya ukaguzi wa mwisho, kina cha mto kwenye kila nguzo, na ukarabati ulioagizwa umefikia wapi. Ubandikwe ofisi ya kata. Diwani akiwa nao mkononi atauliza swali lenye jibu, na mwananchi aliyeona kingo zimepinda, gabioni (vikapu vya waya vilivyojazwa mawe) zimelala au tuta la kuingilia limetitia atajua ataje namba gani.

Vipimo vya sakafu vifanyike Septemba, kabla ya vuli, mito ikiwa chini. Vianze na Zigi, Mkulumuzi na Luengera, na virudiwe ndani ya wiki moja baada ya kila gharika.

Fundi wa madaraja,
Ngamiani, Tanga