Huku barafu wanaichezea

Montreal, Jumapili 23/2/2025

Baba mdogo shikamoo, na wote hapo nyumbani Kirumba mwangaluka. Kwanza msamaha, najua Jumapili ile mlingoja simu mpaka mkaenda kanisani na mi kimya, sikuwa naumwa wala nini, nilikuwa naangalia mpira wa magongo. Ila wa kwenye barafu. Ndiyo, barafu, ileile unayoipasua kwa nyundo pale Mwaloni kufunikia sangara, huku wanajaza uwanja mzima halafu wanavaa viatu vyenye chuma chini wanakimbizana.

Kuna mzee jirani yangu wa chini, huwa namsaidia kupandisha mizigo, Jumamosi hiyo tarehe 15 kanigongea mlango eti njoo uone Kanada na Marekani, saa mbili usiku huku, huko kwenu saa kumi alfajiri. Sasa hizi nchi mbili kwa sasa haziivi, Trump anasema Kanada iwe jimbo la 51 na ushuru juu, basi wimbo wa taifa wa Marekani ulivyopigwa uwanja ukazomea balaa. Refa kadondosha paki tu, ndo kitu wanachopiga kwa magongo, sijajua hata nani nani, naona glavu chini, ngumi! Wanatenganishwa, mchezo unaanza tena, ngumi tena. Baba mdogo, sekunde 9 za mchezo mapigano matatu, na mawili kati ya hayo wamo ndugu wa tumbo moja, Matthew na Brady Tkachuk wa Marekani. Namuuliza mzee mbona hawapewi kadi nyekundu anacheka tu, kumbe adhabu yenyewe ni kwenda kukaa dakika 5 kwenye kiboksi pembeni, kama wanafunzi waliochelewa namba.

Marekani akashinda 3-1, mi nikasema basi Kanada kwisha habari. Mzee akachukua risiti ya dukani akanichorea nyuma yake. Mashindano yenyewe timu ni 4, hao wawili na Sweden na Finland, kila mmoja anakutana na kila mwenzake mara moja, mechi 6 halafu wawili wa juu fainali. Ukishinda ndani ya dakika 60 una pointi 3, ila mkienda nyongeza mshindi anapata 2 na aliyefungwa naye haondoki mikono mitupu, anapewa 1. Sasa hapo ndo utamu. Siku ya kwanza Kanada alimfunga Sweden 4-3 kwenye nyongeza, goli la Mitch Marner, halafu maskini Sweden akaenda akafungwa tena nyongeza na Finland, 4-3 hiyohiyo. Jumatatu ya mwisho Sweden kampiga Marekani 2-1 lakini mchana wake Kanada alishamaliza kazi na Finland 5-3. Marekani 6, Kanada 5, Sweden 5, Finland 2, na Kanada akapita kwa kuwa alishamfunga Sweden. Yaani lile goli la Marner angelifunga Msweden, Kanada angebaki na 4 anaangalia fainali kwenye tv kama mimi.

Fainali Alhamisi, Boston, walewale wawili. 2-2 mpaka nyongeza, Connor McDavid wa Kanada akaachwa peke yake mbele ya goli, sijui mabeki walikuwa wapi, 3-2. Mzee wa watu kalia machozi, nje honi mpaka nimeshindwa kulala na asubuhi nina shifti.

Ila mi kilichonikaa kichwani ni barafu yenyewe, nikakukumbuka wewe. Wewe unataka pande nene lifike kisiwani halijayeyuka, hawa ya kwao haizidi sana sentimita 3, wanaimwaga kidogokidogo inaganda tabaka juu ya tabaka. Vyuma vya viatu vinaichimba, ikifika mapumziko linaingia dude kama trekta, linakwangua juu halafu linamwaga maji ya MOTO. Najua unabisha hapo. Mzee anasema yale ya moto yanayeyusha kidogo barafu ya juu, yanashikana nayo, yakiganda panakuwa kama kioo. Na ile paki ni kipande cha mpira mgumu, duara bapa, ukubwa kama kopo la kiwi ya viatu, gramu 170 hivi, nayo inakaa kwenye friza kabla ya mechi kama soda ili isidundedunde. Na msiseme ni mambo ya wazungu tu, Wakenya wana timu yao Ice Lions, wamejifunzia kwenye kiwanja kidogo cha hoteli Nairobi.

Jana mzee kanipeleka kwenye kiwanja cha bustani hapa mtaani, bure kabisa, kaniazima viatu vya mwanae. Nimeshika ukuta nikaenda hatua kama nne, nikaona aah mbona rahisi, nikaachia. Watoto wa miaka mitano wananipita nyuma nyuma wananiangalia nilivyolala.

Hela ya kurekebisha boksi la barafu nimetuma kwa Neema, chukua kwake. Hii barua msomee mama lakini hapo kwenye bustani ruka, goti limevimba kidogo tu na sitaki aanze kunipigia saa tisa usiku.

Mwanao wa baridini