Kabla hamjapiga Windows upya, pimeni ramu

Ndugu Mhariri,

Assalamu alaykum. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu alieandika kuwa hizi kompyuta za mezani za zamani, za kununua vipande vipande na kuunda mwenyewe, zishapitwa na wakati, zinazima ovyo na dawa yake ni jaani. Mie nipo hapa Wete, nna stesheneri, nachapa na kutoa kopi, na mashine zangu zote ni za kuunda, ramu zake, yani vile vijiti vya kumbukumbu ambavyo kompyuta inafanyia kazi ikiwa imewaka, ni DDR3, aina ilioingia sokoni 2007 huko, na zinapiga kazi mpaka leo. Kwa hivo hapo pa jaani simuungi mkono. Kuzima ovyo kupo, tena sana, ila mashine nyingi ninazoletewa kwa lawama hio ukizifungua ni ramu mbovu au ramu ilokaa vibaya, na hakuna hata mmoja alieipima kabla.

Mafundi wetu nao wasininunie, wengine ni jamaa zangu, lakini mchezo wao tunaujua. Mashine imezima mara mbili tatu, mtu kaibeba kwa bodaboda kaipeleka, fundi hata kifuniko hafungui, anachomeka flashi anapiga Windows, anachukua pesa yake, mteja anarudi nyumbani anafurahi siku chache halafu yale yale, skrini ya bluu yenye maneno ya kosa, au imeganda hata mausi haitembei, au imezima ikajiwasha wenyewe katikati ya kazi. Anairudisha. Anaambiwa "ina virusi". Inapigwa Windows nyengine. Nawajua watu wamepoteza picha za harusi na kazi za chuo kwa kufomatiwa hivo na ugonjwa uko pale pale.

Na kinachowadanganya watu ni hichi, kwamba kufomati kweli kunaonekana kusaidia. Sababu yake ni kuwa ramu mara nyingi haifi yote, kinakufa kipande kidogo tu, vijumba vichache kati ya mabilioni, na Windows ikiwa mpya haina mzigo, programu chache, haigusi ramu yote. Ni kama darasa lenye dawati moja bovu kule nyuma, wanafunzi wakiwa wachache hakuna anaelikalia, siku darasa likijaa lazima mtu aanguke. Ukirudisha Chrome yako na vidirisha vyake ishirini, ukafungua Photoshop, ukaweka na antivairasi, ramu inajaa, pale pabovu panakaliwa, mashine inakufa. Na ndo maana leo inakufa kwenye Word, kesho kwenye mpira wa YouTube, keshokutwa haijafunguliwa kitu, kwa sababu kila siku kinachoangukia hapo ni kitu chengine.

Dalili basi. Ukiona skrini ya bluu leo imeandika MEMORY_MANAGEMENT, kesho PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA, siku ya tatu IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, yani mashine ile ile kila siku inatoa udhuru mpya, shuku ramu kwanza. Draiva mbovu, yani programu inayoendesha kifaa, nayo inaweza kutoa maneno hayo lakini draiva kwa kawaida inang'ang'ania jina moja. Dalili nyengine ni faili la zipu kukataa kufunguka wakati kwa mwenzio linafunguka, au Windows yenyewe kugoma katikati ya kupigwa na kusema faili limeharibika, hapo fundi atalaumu flashi. Na hili ndo baya zaidi, kuliko hata huko kuzima: ramu mbovu inaharibu vitu kimya kimya, picha inapita kwenye ramu inaandikwa kwenye hadidiski ikiwa nusu yake ya kijivu, na wewe hujui mpaka siku unaitaka. Ramu za majumbani hazina ile kinga ya kujirekebisha ilioko kwenye seva, zile kompyuta kubwa za makampuni. Na hizo seva zenyewe, Google na Chuo Kikuu cha Toronto walitoa utafiti 2009 wakakuta zaidi ya asilimia 8 ya vijiti vya ramu vinaonesha makosa ndani ya mwaka mmoja. Sasa chetu cha mtumba kilochotoka kontena gani sijui, tukiamini kwa lipi?

Kupima hakuna gharama. Windows inacho kipimo chake, bonyeza kitufe cha Windows na R, andika mdsched, mashine itajizima na kupima ikiwaka. Kile si kikali sana, mie nakitumia kwa haraka tu. Kinachoaminika ni Memtest86+, ya bure, ndogo, inakaa kwenye flashi hata kuukuu, unawasha mashine kwa flashi hio bila ya kugusa Windows wala mafaili ya mtu, na tangu toleo la 6 la 2022 inakubali na mashine mpya mpya pia. Iache usiku kucha. Mzunguko mmoja haukutoshi, kuna ramu inaonesha makosa ikishapata moto tu. Ikiwa nzima itakaa inahesabu mizunguko na makosa ni sufuri, ikiwa mbovu inatema mistari myekundu na ukitazama zile anwani utaona zinajirudia pale pale. Kosa hata moja ni ubovu, asikwambie mtu "moja tu si kitu". Muhimu iwe kwenye UPS, ile betri ya akiba, maana kwetu umeme ukikatika saa nane ya usiku kipimo kinaanza upya.

Ikitoa makosa usikimbilie kununua. Zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia umalize chaji ilobaki, shika bati la boksi kidogo kutoa umeme wa mwilini, ndo utoe vijiti. Tazama yale meno ya dhahabu kwenye mwanga. Kwetu visiwani hewa ina chumvi na madirisha yako wazi mwaka mzima, na wakati wa kusi nyumba za kando ya bahari hata bawaba za milango zinaliwa, basi utakuta kwenye meno pana ukungu wa kahawia au vidoa vya kijani. Chukua raba nyeupe ya penseli, sugua taratibu kwa upande mmoja, pangusa kwa kitambaa kikavu usiache makombo ya raba. Kwenye sloti, pale kijiti kinapochomekwa, puliza vumbi kwa blowa, si kwa mdomo, mdomo una mate. Rudisha kijiti kimoja tu, kisukume mpaka vishikio vibane "tak", na kama ni viwili vyote viwili vibane, kimoja kikibaki nusu ndo hapo mashine inawaka lakini inayumba. Pima. Halafu weka kijiti cha pili peke yake, sloti ile ile. Makosa yakimfata kijiti, kijiti kibovu. Yakibaki kwenye sloti hata ubadilishe vijiti, ubovu uko kwenye sloti, mazabodi (ubao mkuu wa mashine) au prosesa (ubongo wake), kwa sababu tangu Core i7 za mwanzo za 2008 kinachoongoza ramu kwenye Intel kimo ndani ya prosesa, na pini moja ilopinda chini yake inatosha kukusumbua.

Kuna na yale ya kuchanganya. Mtu ana 4GB ya spidi 1600, anaongeza 4GB nyengine ya 1333 kampuni tofauti, volti tofauti, moja ya 1.5 nyengine ya 1.35, mazabodi inajaribu kuziendesha pamoja, ikishindwa inazima. Ingia bayosi, zile setingi za kabla ya Windows kuwaka, shusha spidi zote ziwe 1333, XMP (setingi ya kuikimbiza ramu) kama imewashwa izime, mara nyingi inatulia. Na jihadharini na zile DDR3 za bei poa zilizoandikwa ni za AMD tu, wauzaji hawasemi, kwenye mashine za Intel zinagoma.

Si kila kuzima ni ramu, nisieleweke vibaya. Mashine ikikata ghafla kama imechomolewa waya, bila bluu bila chochote, tazama pawasaplai (lile boksi la umeme la ndani) na joto la prosesa, na zile kapasita, vile vipipa vidogo vya mazabodi, kama zimevimba vichwa. Hapo mara nyingi Memtest itapita safi na wewe utajua uende wapi.

Najua watu wengi wameshituka tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine hizi za zamani Windows 11 rasmi hazipati. Sawa, weka Linux, mfumo wa bure badala ya Windows, kwa kuchapa na kutoa kopi inatosha na kubaki. Tena Linux ukiipa zile anwani mbovu ulizoziona kwenye Memtest inaweza kuziruka, ukaitumia ramu hio hio mpaka upate nyengine. Ila Linux juu ya ramu usioipima nayo itazima vile vile.

Ombi langu kwa mafundi wa Chake, Mkoani, hapa Wete na huko Darajani ni dogo: mteja akija na mashine inayozima, ilazeni usiku mmoja na Memtest na asubuhi mumpigie picha ya ile skrini mumuoneshe, ndo mzungumze bei. Mteja nae akiambiwa "tunapiga Windows" aulize picha iko wapi. Na walimu wa skuli zenye vyumba vya kompyuta, zile mashine mlizozirundika kwenye kona mkasubiri mradi mpya, anzeni nazo, kusanyeni ramu nzima za mashine tatu mbovu mpate mashine moja nzima, vijana wa Form Three wanaiweza kazi hii.

Mwenye stesheneri,
Wete, Pemba