Miaka ya Sokoine katika Wizara ya Ulinzi iandikwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalonirudia moyoni kila ifikapo Aprili 12. Siku hiyo tunamkumbuka Edward Moringe Sokoine, aliyefariki kwa ajali ya gari pale Dakawa, Morogoro, mwaka 1984, na karibu kila anayepewa kipaza sauti humtaja Waziri Mkuu aliyewabana walanguzi na wahujumu uchumi. Sifa hiyo anaistahili. Lakini alikuwa pia Waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa kuanzia 1972 hadi 1977, na miaka hiyo haizungumzwi.

Alikabidhiwa wizara wakati mgumu. Septemba 1972 wafuasi wa Milton Obote, rais wa Uganda aliyepinduliwa na Idi Amin, waliingia Uganda kutokea kwetu wakashindwa, ndege za Idi Amin zikaishambulia Bukoba, na kwa upande wa kusini Wareno walikuwa ng'ambo ya Mto Ruvuma hadi Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975. Mwongozo wa TANU, chama tawala cha wakati huo, wa 1971 ulikuwa umeagiza wananchi wafundishwe kujilinda, na ni katika miaka ya Sokoine wizarani ndipo agizo hilo lilipofika vijijini.

Baba yangu mdogo alipitia mafunzo hayo Biharamulo mwaka 1974. Nilikuwa mtoto, nikimfuata alfajiri hadi kiwanja cha shule, ambako yeye na wenzake walicheza gwaride na bunduki za mti walizochonga wenyewe, kisha wakaenda shambani. Miaka minne baadaye, Amin alipoivamia Kagera, alipanda lori kwenda vitani. Jeshi letu lililokuwa na askari wasiofika 40,000 lilikua hadi kupita 100,000 kwa muda mfupi, na wengi wa walioongezwa walikuwa wanamgambo kama yeye. Wakati huo Waziri wa Ulinzi alikuwa Rashidi Kawawa, aliyebadilishana nafasi na Sokoine Februari 1977, naye Sokoine, akiwa Waziri Mkuu, ndiye aliyewaagiza wakuu wa mikoa wakusanye magari na mahitaji ya vita.

Sisemi kila kitu kilikuwa chema. Mgambo hao hao walitumika kuwahamishia watu kwa nguvu kwenye vijiji vya ujamaa katika Operesheni Vijiji, na hilo nalo liandikwe bila kupakwa rangi, maana kiongozi wa aina ya Sokoine hahitaji kufichiwa.

Ninaiomba Wizara ya Ulinzi, pamoja na vyuo vikuu vyetu, itume watu wenye vinasa sauti kwa wazee hawa wangali hai. Aliyekuwa na miaka 25 mwaka 1974 alizaliwa 1949. Baba mdogo bado anakumbuka majina ya wenzake wote wa lori lile, waliorudi na wasiorudi, na hadi leo hakuna aliyekwenda kumuuliza.

Msomaji wako,
Biharamulo, Kagera