Agroveti za Nakuru, tuleteeni makasi ya mbwa

Mhariri,

Kurasa zenu za kilimo nazisoma sana, ng'ombe wa maziwa wako, kuku wa kienyeji wako, hata sungura, lakini mbwa hamna habari naye. Na siku hizi ukipita Kiamunyi, Milimani ama Section 58 utaona mbwa wa manyoya marefu wamejaa kwa maboma, maltizi, pudo, na wale spitzi weupe. Wenyewe wanawanyoa nyumbani na sioni ubaya. Shida yangu ni makasi wanayotumia.

Mtu anachukua ya fundi wa nguo, ama ile ya jikoni, anaanza. Hiyo makasi ikiwa butu inavuta manyoya badala ya kukata, mbwa anaumia, na siku ingine akiiona tu anajificha ama anakuuma. Halafu ncha ni kali na ngozi ya mbwa ni nyembamba kuliko yetu, akigeuza kichwa ghafla umeshatoboa sikio, na sikio likianza kutoka damu kila akitingisha kichwa inaanza upya, ukuta wote unakuwa mwekundu.

Kama pesa inatosha makasi moja tu, nunua fupi ya inchi nne hivi yenye ncha za mviringo, hiyo ndio ya karibu na macho, masikio, katikati ya vidole na huko chini ya mkia. Ndefu ya inchi saba ama nane ni ya mwilini, hiyo utaongeza baadaye. Ya meno, ile upande mmoja uko kama kitana, inasaidia kuficha mistari ukikata vibaya. Zile seti zinauzwa kwa mtandao zikiwa ndani ya pochi na rangi za upinde wa mvua, mimi naona ni urembo tu. Kabla ulipe, ingiza kidole gumba na cha pete uone kama inakukaa, na kama unatumia mkono wa kushoto tafuta ya kushoto. Fungua, inua upande mmoja uuachilie, unafaa kushuka pole pole usimame karibu nusu. Ukianguka wote imelegea, ukikataa kabisa kushuka imekaza, ndio maana skurubu ya katikati iwe ile unaweza kurekebisha.

Manyoya yakishikana mafundo usikate na makasi, hapo ndio wengi hukata ngozi maana ngozi yenyewe imevutwa ikapanda ndani ya fundo na huioni. Fungua na vidole na kitana pole pole, ikishindikana tumia mashine ya kunyoa. Na kabla ya kukata na makasi mbwa aoshwe akauke kwanza, vumbi letu la Nakuru linamaliza makali haraka sana. (Yule jamaa wa kunoa visu na baiskeli mpe visu, makasi ya mbwa usimpe, atakurudishia kitu ya kukata nyasi.)

Wenye mbwa aina ya jamani shefadi, nyinyi makasi ni ya nyayo tu. Huyo ana manyoya ya tabaka mbili, ya chini ndio yanamkinga baridi na joto, mchane na brashi basi, usimnyoe ati juu ya kupe. Kupe anajificha masikioni na katikati ya vidole, dawa ndio inamtoa.

Sasa agroveti. Nimeuliza kadhaa hapa town, moja nikaletewa makasi ya kunyoa kondoo, na muuzaji alikuwa serious kabisa! Dawa ya kupe mnauza, ya minyoo mnauza, minyororo na makola imening'inia hadi mlangoni, sasa makasi fupi ya ncha butu inawashinda nini? Hata kama ni ya kuagiza Nairobi tuambieni bei, tutaacha deposit.

Msomaji wenu,
Kiamunyi, Nakuru