Fundi kasema zima antivirasi kwanza

Mhariri,

Ile taarifa yenu ya Jumapili, ya vijana na gemu za bure za kompyuta, nimeisoma mara mbili. Mnamalizia kwa kusema wazazi wawe makini. Makini na nini? Gazeti lenu nalinunua miaka yote, mengine yakaishia kufungia maandazi, na sijawahi kuwaandikia hata mstari. Leo mmenigusa.

Nina steshenari Kihonda, Morogoro: kompyuta mbili na mashine moja ya kopi. Mwezi wa nne mwanangu wa mwisho alitaka gemu ya Grand Theft Auto V (GTA V). Ya kununua ina bei yake, ya wizi kuna fundi kijana huku anakupa kwenye flashi kwa shilingi elfu tatu. Narudi kutoka sokoni nakuta skrini inasema Windows inajisasisha, tusizime. Nikasema vyema, acha imalize, nikakaa kumenya viazi. Kumbe si Windows. Ni kirusi kimejitanda kanga ya Windows ili mwenye mali atulie, huku nyuma kinafunga mafaili moja baada ya jingine. Kilipomaliza, kila folda imeachiwa kikaratasi kinaitwa _readme.txt. Wanaanza kwa kuniambia nisijali! Mafaili yako yote yanarudi, lipa dola 980. Ukiwahi ndani ya saa 72 tunakukatia nusu, 490. Punguzo, kama duka la vitenge. Na faili moja watakufungulia bure, uone kwamba wao si matapeli. Dola 980 ni zaidi ya milioni mbili za kwetu. Kwa kopi ya shilingi mia, ni kopi zaidi ya elfu ishirini, na wino juu yangu. Humo zilikuwemo ripoti tisa za wanafunzi wa chuo, mbili za kukabidhiwa kesho yake, barua za watu za kuombea kazi, na picha za marehemu mama yangu ambazo sina kwingine. Mwanafunzi mmoja alikaa kwenye benchi langu analia, mtu mzima na ndevu zake.

Nikamwita mwanangu. "Baba, ulifanyaje?"

"Mama, fundi alisema nizime antivirasi kwanza, maana inaiona gemu kama kirusi."

Inaiona kama kirusi! Antivirasi ndiyo mlinzi wa kompyuta. Mbwa kabweka, mgeni kasema mfungeni mbwa wenu ana kelele, na sisi tukamfunga. Hilo ndilo ambalo mwandishi wenu hakuligusa hata kwa ncha ya kalamu. Mtoto hakuvunja mlango, alifuata maelekezo ya mtu mzima aliyekula hela.

Fundi mwingine, huyu mstaarabu, akaniambia kirusi chenyewe ni cha ukoo wa STOP, ambao makazi yake ni hayohayo mambo ya kukreki, yaani kuvunja kufuli la programu ya kulipia. Kampuni ya Emsisoft ilitoa programu ya bure mwaka 2019 inayofungua mafaili ya matoleo yake ya zamani. Tukajaribu. Langu ni jipya, ufunguo wanao wenyewe.

Na wengine hawakuombi hela, wanakunyonya kimyakimya. Laptopu ya jirani yangu inaunguruma feni kama mashine ya kukoboa, na hakuna aliyeigusa. Mwaka 2021 Avast, kampuni ya antivirasi, walieleza kirusi kiitwacho Crackonosh, kilichofichwa kwenye gemu za wizi, hiyo GTA V ikiwemo na NBA 2K19 pia: kiliingia kompyuta zaidi ya 222,000, na wezi wakazitumia kuchimba sarafu ya kidijitali ya Monero ya zaidi ya dola milioni mbili. Sarafu zao, umeme wa LUKU yako.

Kituoni nako nilikwenda. Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao tangu 2015, nikadhani nitasikilizwa. Askari akaniuliza kilichoibwa ni nini. Nikasema mafaili. Akauliza kompyuta ipo? Ipo. Basi mama, hujaibiwa.

Halafu hizi laptopu tunazouziwa "mpya kabisa", Windows yake imekrekiwa kabla haijafika mkononi mwako. Nilipodai risiti ya Windows, muuzaji alinipa risiti ya begi. Na walimu wanaoniletea mitihani kwenye flashi zilizopita kompyuta kumi, ukiwaambia ngoja niiskani wanaona unawadharau. Nao muwaandike siku moja.

Pendekezo langu ni dogo. Kila fundi anayeingizia watu gemu aiweke kwanza kwenye kompyuta yake mwenyewe, ile yenye picha za harusi yake, antivirasi akiwa ameizima kama anavyotufundisha, aicheze siku saba mfululizo. Siku ya nane aje Kihonda na picha zikiwa zinafunguka. Elfu tatu yake nitampa, na soda juu.

Mama wa steshenari,
Kihonda, Morogoro