Siku 200 za Kihispania, na bado nauliza "¿Cómo?"

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Nimesoma makala mliyoitoa kuhusu kujifunza lugha za kigeni, iliyosema kwamba mtu akitenga dakika 15 kila siku, baada ya miezi mitatu atakuwa anazungumza Kihispania "bila wasiwasi". Mimi ni fundi cherehani, huu ni mwaka wangu wa 27 kazini, na Kihispania nimekianza nikiwa na miaka 54. Wasiwasi ninao mpaka leo.

Hesabu yenyewe ndiyo iliyonikera. Dakika 15 kwa siku 90 ni saa 22 na nusu. Taasisi inayowafundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani hukikadiria Kihispania kwa saa kati ya 600 na 750 za darasani, na wao wamekiweka katika kundi la lugha rahisi. (Kiswahili chetu wamekipa saa kama 900. Nilijisikia vizuri kidogo.) Ni kweli kwamba wale wanataka kufanyia kazi lugha hiyo, na mimi nataka tu kuongea na mkwe wangu. Lakini saa 22 hata kanzu ya bwana harusi yenye tarizi haiishi.

Binti yangu ameolewa Hispania, na mama mkwe wake anajua Kihispania peke yake. Wahispania wana neno maalumu la uhusiano wetu sisi wawili, consuegra; mimi namwita mkwe, imetosha. Mjukuu alipozaliwa, mkwe alinipigia simu ya video. Akalia, nami nikalia, tukaangaliana, tukakata simu. Kesho yake nikaweka programu ya kujifunza lugha kwenye simu yangu.

Programu ile inahesabu siku. Ukisoma kila siku bila kuruka, namba inapanda na fataki zinalipuka kwenye kioo. Nilikuwa mtumwa wa namba hiyo. Kuna usiku niliobonyeza majibu nikiwa nimelala nusu, saa tano na dakika 50, ili siku isikatike. Nilipofika siku ya 200 nikajiona nimeiva, nikampigia mkwe bila binti yangu kukaa pembeni kutafsiri. Akaniuliza hali. Nikataka kumwambia nimechoka. Nikasema: "Estoy casada." Mkwe akanyamaza kidogo, kisha akanijibu kwa upole: "Yo también." Nilikuwa nimemwambia nimeolewa, naye kwa adabu akanijulisha kwamba hata yeye ameolewa. Kuchoka ni cansada. Herufi moja tu, n, na siku 200 hazikuniokoa.

Mteja akija kwangu simuulizi amenunua kitambaa mita ngapi, nikadhani nimejua kipimo chake. Nachukua tepu, nampima kifua, kiuno, mabega. Programu ilikuwa inanihesabia kitambaa. Mwili haukuwahi kuguswa na tepu.

Basi nikatafuta tepu. Ya kwanza ni ile ya rasmi: viwango sita vya Baraza la Ulaya, kuanzia A1 hadi C2, vilivyochapishwa mwaka 2001. Nilichokipenda ni kwamba havihesabu siku wala maneno, vinauliza mtu anaweza kufanya nini. Mtu wa A1, kwa maelezo yao, anaweza kuzungumza mambo mepesi ikiwa anayeongea naye anasema polepole, kwa kutamka vizuri, na yuko tayari kumsaidia. Mtihani wa Kihispania unaofuata viwango hivyo, DELE, unasimamiwa na Instituto Cervantes, taasisi ya serikali ya Hispania ya kueneza lugha yao, na una sehemu nne: kusoma na kuandika katika fungu moja, kusikiliza na kuzungumza katika fungu la pili. Lazima upate 30 kati ya 50 kwa kila fungu, na fungu moja haliwezi kulibeba jingine. Nilijaribu nyumbani karatasi ya mfano. Kusoma nikapata 22 kati ya 25. Kusikiliza, 9. Nilirudia kujumlisha mara mbili, maana sikuamini kama kichwa kile kile ndicho kilichofanya sehemu zote mbili.

Tepu ya pili nimeitengeneza mwenyewe. Nilichukua ujumbe wa sauti wa mkwe, dakika moja na sekunde 40, nikausikiliza na kuandika maneno niliyoyashika: 11. Mwezi uliofuata, ujumbe ule ule, 38. Mwezi wa tatu, karibu yote! Nikajipongeza, hadi nilipogundua kwamba nimeukariri kama wimbo. Nilikuwa nampima mtu juu ya gauni lile lile nililomshonea mwenyewe. Ujumbe mpya wa urefu kama ule ulinirudisha kwenye maneno 16. Tangu hapo kila mwezi natumia ujumbe mpya.

Ya tatu ndiyo ninayoiamini zaidi. Kila Jumapili naongea na mkwe dakika kumi nikiangalia saa, na kila ninapolazimika kusema "¿Cómo?" (umesemaje?) au "más despacio, por favor" (polepole zaidi, tafadhali) nachora mstari kwa chaki juu ya meza ya kukatia. Jumapili ya kwanza mistari 23. Mwezi wa pili 17. Mwezi wa tatu 12. Nami nikaanza kuringa.

Hapa niseme jambo kuhusu makala yenu. Mliandika kwamba anayeanza atumie miezi miwili ya mwanzo kwenye matamshi. Ushauri huo umeandikwa kwa watu wengine, si kwa sisi tuliokulia Kiswahili. Irabu zao ni tano, a, e, i, o, u, na zinasomeka kama zetu. Ile c ya gracias, kama wanavyoitamka sehemu kubwa ya Hispania, ni th ya thelathini. D ya katikati ya nada inakaribia dh yetu. J ni kh ya Khamisi, kwa wale wasioisema h. Kinachobaki ni rr, maana pero ni "lakini" na perro ni "mbwa", na hiyo naifanyia mazoezi wakati cherehani inanguruma ili majirani wasisikie. Hata maneno tunakutana nayo njiani: mesa ni meza, bandera ni bendera, hasta na hata yetu ya "hata asubuhi" zote zimetoka kwa Waarabu. Kugawa majina ya vitu kuwa ya kiume na ya kike huwatisha wengi, lakini aliyezoea kusema kitabu kizuri, vitabu vizuri, mti mzuri, miti mizuri, atashindwaje na makundi mawili tu? Muda wa kuokoa upo hapo. Uhamishiwe kwenye masikio, kwa sababu mkwe wangu anasema haraka kuliko cherehani ya umeme.

Turudi mezani. Mwezi wa nne mistari ikawa 31. Nikadhani nimehesabu vibaya. Jumapili iliyofuata 29. Nilikaa chini nikiwa na chaki mkononi, nikafikiria kuachana na jambo hili kabisa, kwamba umri umenishinda. Nikampigia binti yangu kumlalamikia. Akacheka. "Mama," akasema, "zamani alikuwa anaongea na wewe kama anavyoongea na mtoto. Sasa ameacha."

Nikaanza kukumbuka. Miezi mitatu tulikuwa tunasema mjukuu amelala, mjukuu amekula, leo kuna baridi. Katika zile Jumapili mbili mkwe alikuwa ananisimulia habari za mama yake mzazi, ambaye, kumbe, alikuwa mshonaji. "Mi madre cosía de noche." Mama yangu alikuwa akishona usiku. Cosía, alikuwa akishona. Cosió, alishona mara moja ikaisha. Tofauti hiyo tunayo, lakini inapopita kwa kasi ndani ya sentensi ndefu, katikati ya aguja na hilo na dedal, sindano na uzi na kastabini, nilikuwa naidaka nikiwa nimechelewa. Ile sharti ya A1, ya mtu aliye tayari kukusaidia, ilikuwa imeondolewa bila mimi kuambiwa. Mistari iliongezeka kwa sababu mazungumzo yalikuwa yamekua.

Kwa hiyo sasa pembeni ya idadi ya mistari naandika tuliongea nini. Mistari 12 ya hali ya hewa naihesabu chini ya mistari 25 ya maisha ya marehemu mama yake.

Na nimeongeza safu ya pili mezani. Safu hiyo ni ya mkwe, kwa sababu siku hizi naye ananiuliza "¿Cómo?", maana nami nimeanza kumsimulia yangu. Jumapili iliyopita nilimweleza jinsi nilivyopata cherehani yangu ya kwanza. Mimi mistari 14, yeye 19. Alitaka kujua mwisho wa hadithi, salio la simu likaisha, na Jumapili hii ananidai.

Fundi cherehani,
msomaji wenu wa siku nyingi